Siku Moja Ufukweni Wittecarra

Wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa muda wa miaka 22, sisi tulikuwa chungu huyo. Tangu tupate stashahada yetu ya elimu, tumekuwa tukisomesha Kiswahili katika shule za sekondari za magharibi ya Uganda, mahali ambapo bahari iko mbali kwa zaidi ya kilomita 1,300 za barabara, na ambapo mtoto akisikia neno ng'ambo hufikiri ng'ambo ya mto au ya ziwa. Hata hivyo, kila mwaka tulisimama mbele ya ubao tukaandika kwa chaki: pwani, ufuko, wimbi, bamvua, maji mafu, kupwa na kujaa, tanga, dau, ngalawa, kusi na kaskazi. Wanafunzi waliyanakili maneno hayo, nasi tukayasahihisha madaftari yao. Hakuna hata mmoja kati yetu, mwalimu wala mwanafunzi, aliyepata kulowa maji ya chumvi.

Tunamkumbuka mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliyeinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, maji yakipwa huenda wapi?" Swali lile lilikuwa zuri kuliko somo lenyewe. Sisi tulimwambia aketi, kwa kuwa wakati umekwisha. Wakati haukuwa umekwisha. Kilichokuwa kimekwisha ni elimu yetu.

Ndugu wasomaji watuwie radhi kwa kuanza na maungamo. Tumeona hatuwezi kusimulia safari yetu ya Australia bila kueleza kwanza tulikwenda huko na mzigo gani. Bahari ya kwanza kuiona kwa macho yetu haikuwa ile ya Mombasa, wala ya Tanga, wala ya Unguja. Ilikuwa Bahari ya Hindi hiyo hiyo, lakini tuliiendea kwa mlango wa nyuma.

Ilikuwa hivi. Mdogo wetu wa kike aliolewa na kijana wa Bukavu, Mshi, ambaye alikuwa amekimbilia Uganda na kuishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mwaka 2012 walipokelewa Australia, na baada ya muda wakahamia Geraldton, mji wa bandari ulio kiasi cha kilomita 420 kaskazini ya Perth. Mdogo wetu anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mumewe anafanya kazi penye ghala la kambakoche, maana mji ule unajulikana sana kwa uvuvi wa kamba hao wakubwa. Mungu amewajalia binti mmoja, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa. Septemba 2023, shule zetu zilipokuwa likizoni, walitutumia tiketi, nasi tukapanda ndege Entebbe, tukapitia Doha, tukashukia Perth.

Lugha iliyoijenga nyumba ile ni Kiswahili. Mke ni Mnyankole, mume ni Mshi, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha na kuwawezesha kupendana. Tulifurahi sana kuyasikia hayo, tukajiona tumefika nyumbani. Lakini usiku wa kwanza, wakati wa chakula, shemeji alimwita mtoto: "Kuya kula, mama, chakula inapoa." Nasi, kwa mazoea ya kazi, hatukungoja hata kumeza tonge. Tukasema mbele ya mtoto: "Si kuya, ni njoo. Wala si chakula inapoa, ni chakula kinapoa." Mtoto alimtazama baba yake. Baba alitabasamu, akainama juu ya sahani yake, asiseme neno.

Tangu usiku huo hatukumsikia tena shemeji akisema na binti yake ila kwa Kiingereza. Sisi, kwa upofu wetu, tulidhani hiyo ndiyo desturi ya nyumba yao, na moyoni tukamlaumu kwamba anaiacha lugha ipotee. Hata tulianza kutunga vichwani hotuba ya kumpa kabla ya kuondoka.

Siku ya nne shemeji alipata mapumziko, wakaamua kutupeleka kuona bahari mahali pasipo na bandari wala mashua. Tulitoka Geraldton alfajiri kuelekea kaskazini, safari ya zaidi ya kilomita 150. Septemba ni mwezi wa maua katika nchi ile. Kando ya barabara palitandazwa maua ya mwituni ya manjano, meupe na ya zambarau, na nyuma yake mashamba makubwa ya ngano ambayo hatukumwona mtu ndani yake. Karibu na kijiji cha Port Gregory tulisimama kwenye ziwa la chumvi liitwalo Hutt Lagoon. Maji yake ni ya waridi, si kwa mfano bali kwa kweli, na rangi hiyo hutokana na viumbe vidogo mno vya jamii ya mwani ambavyo hustawi katika maji yenye chumvi kali. Watu huvivuna na kuvitolea rangi inayotiwa katika vyakula. Tulilikumbuka ziwa letu la Katwe, ambako ndugu zetu husimama majini mchana kutwa wakichimba chumvi. Pale Hutt Lagoon palikuwa na uzio, bomba, na ukimya.

Kalbarri ni mji mdogo penye mlango wa mto Murchison. Jina lake linatokana na lugha ya wenyeji wa asili, na inaelezwa kwamba ni jina la mtu na pia la mbegu fulani inayoliwa. Mnamo tarehe 11 Aprili 2021 kimbunga kilichopewa jina la Seroja kiliupiga mji huo na kuharibu sehemu kubwa ya majengo yake. Hatukukaa mjini. Tulikwenda kilomita chache kusini, hadi karibu na rasi ya mawe mekundu iitwayo Red Bluff, mahali ambapo kijito cha Wittecarra hukutana na bahari. Hapo ndipo tulipoliacha gari na kuteremka kwa miguu.

Tulihesabu watu waliokuwa ufukweni: walikuwa wanne, nao ndio sisi. Kulia na kushoto mchanga ulikwenda hadi macho yakachoka. Mawe ya rasi yamepangika tabaka juu ya tabaka, jekundu na jeupe, kama nguo zilizokunjwa sandukuni. Wataalamu wa miamba wanasema mawe hayo yana umri wa zaidi ya miaka milioni 400, na kwamba katika tabaka za namna hiyo pwani ile zimeonekana nyayo za wanyama waliotambaa kwenye matope kabla mnyama yeyote hajapata kuota manyoya. Juu ya mchanga hapakuwa na nyayo ila za ndege.

Sisi tumezoea fuko za maziwa yetu. Ukifika mwaloni asubuhi utakuta wanawake wenye beseni, wachuuzi, wapiga debe, harufu ya samaki, na redio tatu zinazopigana. Ufuko kwetu ni soko. Pale Wittecarra ilikuwapo sauti moja tu, nayo ni ya bahari, ikivuma bila kupumzika. Mwanzoni ukimya wa watu ulitupendeza. Baadaye ulitutia haya kidogo, kama mgeni aliyebisha hodi akaambiwa karibu na nyumba tupu.

Tulisimama tukaielekea bahari, na hapo tukagundua jambo ambalo ramani ilikuwa imetuambia lakini mwili haujapata kuliamini. Kwa watu wa pwani yetu, jua huchomoza baharini. Pale jua huchwea baharini. Tulikuwa tumeielekea Afrika. Upepo ulikuwa ukitupiga ubavuni kutoka kusini, na shemeji, kwa Kiingereza, alisema kwamba karibu kila siku mchana upepo huvuma kutoka upande ule. Tukafikiri juu ya neno kusi, tuliloliandika ubaoni mara nyingi. Pepo za kusini-mashariki za bahari hii kubwa ndizo zinazofika kwetu na kuitwa kusi, zikawarudisha nyumbani manahodha wa Uarabuni na Bara Hindi. Basi tuliona kama tumemkuta mtu tunayemfahamu kwa barua, mbali na kwao.

Wala si upepo peke yake unaoziunganisha nchi hizi mbili. Mwaka 1944 askari mmoja wa jeshi la anga la Australia aliokota sarafu chache mchangani, katika kisiwa cha Marchinbar kilicho kaskazini kabisa ya bara lile. Baadhi zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za shaba, zenye maandishi ya Kiarabu, nazo zilitambuliwa baadaye kuwa ni za masultani wa Kilwa. Hakuna aliyeweza kuthibitisha zilifikaje. Huenda zilipita katika mikono ya watu wengi na bandari nyingi. Tunawaomba walimu wenzetu wanaosomesha historia ya Kilwa Kisiwani wawasimulie wanafunzi habari hii, maana ni fumbo linaloamsha akili kuliko orodha ya majina ya masultani.

Karibu na kijito pamejengwa mnara mdogo wa mawe wa ukumbusho. Unahusu mwaka 1629. Mwaka huo merikebu ya Kiholanzi iliyoitwa Batavia ilipanda mwamba katika visiwa vya Houtman Abrolhos, vilivyo baharini mkabala wa Geraldton. Nahodha mkuu alikwenda kutafuta msaada, na nyuma yake baadhi ya watu wake wakaasi na kuwaua wenzao zaidi ya mia moja, wanaume, wanawake na watoto. Waasi wakuu walinyongwa. Wawili, Wouter Loos na kijana Jan Pelgrom, waliachwa bara mnamo Novemba 1629, na wengi wanasadiki kwamba waliachwa pale penye kijito cha Wittecarra. Hawakusikika tena. Kwa kulinganisha, ndugu msomaji akumbuke kwamba ni miaka miwili tu baadaye, mwaka 1631, Yusuf bin Hasan alipowainukia Wareno katika Ngome ya Yesu kule Mombasa.

Tulipokuwa tukiutazama mnara huo, swali la kimwalimu lilitujia: watu wawili wale walisema nini na wenyeji, na kwa lugha gani? Maana wenyeji walikuwapo, nao wako hadi leo. Ni Wananda. Mwaka 2018 mahakama ya nchi ile ilitambua haki yao ya asili juu ya ardhi hiyo. Lakini lugha yao, Kinhanda, mwishoni mwa karne ya 20 ilikuwa imebaki katika vinywa vya wazee wachache mno. Mtaalamu Juliette Blevins aliketi na wazee hao akaandika sarufi yake, iliyochapishwa mwaka 2001. Sarufi ni kitu cha thamani, nasi tunaishi kwa sarufi. Hata hivyo, tulijiuliza kama iko sarufi yoyote duniani iliyopata kumwita mtoto aje kula.

Swali hilo tulilipuuza upesi, kwani tulikuwa na kazi. Tulikuwa tumekusudia kuona maji yakipwa. Hiyo ndiyo haja iliyotuvukisha bahari, ukiacha kuwaona jamaa. Saa tatu ya asubuhi tulichomeka kijiti mchangani, pale ambapo wimbi lilifika mwisho, na binti yetu akachomeka chake karibu nacho. Tulimweleza kwa Kiswahili fasaha kwamba bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kwamba kabla ya adhuhuri tutaona mwamba na mchanga uliofichwa ukifunuliwa, na watu wakaweza kutembea mbali. Tulivieleza vyote kama tulivyovisoma. Alisikiliza kwa adabu. Shemeji, aliyekuwa akitayarisha mshipi wake, alinyanyua kichwa kama mtu anayetaka kusema, kisha akainamisha.

Saa nne tukaenda kutazama vijiti. Saa tano tukaenda tena. Saa sita maji yalikuwa yamesogea hatua mbili tu, na hatua hizo hazikuwa na hakika, maana wimbi moja lilizifuta na jingine likazirudisha. Tulianza kuona aibu. Mtoto aliuliza kwa Kiingereza kama bahari imechelewa.

Ndipo likatokea jambo ambalo ndilo lililotufanya tuchukue kalamu. Mtoto alikuwa ameshuka kwenye maji ya kifundoni, akiokota makombe. Sisi tulikuwa juu kidogo, na shemeji alikuwa mbali kiasi cha hatua thelathini, akivua. Mawimbi ya kule huja kwa makundi: yanakuja madogo matano au sita, mtu akaghafilika, kisha yanafuatana makubwa. Tuliliona moja likiinuka nyuma ya mtoto, lenye rangi ya chupa. Tukapaza sauti kwa nguvu zetu zote: "Wimbi! Wimbi hilo!"

Mtoto aligeuka. Aliipa bahari mgongo, akatutazama kwa uso wa furaha, kana kwamba ameitwa kwa jambo jema. Wimbi likamkumba mabegani na kumwangusha kifudifudi. Kuanguka si kitu. Kilichotuogofya ni maji yaliporudi, maana yalirudi kwa nguvu, yakiusomba mchanga, na yeye pamoja nao. Tulipiga mbio, lakini miguu ya mtu wa bara juu ya mchanga uliolowa ni miguu ya ndotoni. Hapo tukasikia sauti nyingine, kubwa kuliko yetu: "Kuya! Kuya huku, mama! Kuya!"

Mtoto aliisikia. Hakuona kitu, kwani macho yake yalijaa chumvi, lakini aliielekea sauti ile akitambaa kwa magoti na mikono, na shemeji, aliyekuwa ameutupa mshipi, akamfikia na kumshika mkono kabla ya wimbi la pili. Yote hayo hayakuzidi muda wa mtu kuhesabu hadi kumi na tano. Wimbi la pili liliwalowesha wote wawili hadi kifuani, wakatoka.

Mama yake alimfunika kwa kitenge. Alitapika maji, akalia, akanyamaza. Kisha akatugeukia, midomo ikitetemeka, akauliza kwa Kiswahili chake: "Mjomba, wimbi iko wapi?" Hatukuelewa. Tukamwonyesha bahari. Akatikisa kichwa. "Hapana, wimbi. Ya kunywa."

Mdogo wetu akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. Kila Jumamosi huwapikia uji wa wimbi, kwa unga anaoununua katika duka la vyakula vya Kiafrika. Mtoto yule alizaliwa na kukua kando ya bahari, lakini neno wimbi kwake halikuwa la majini hata siku moja. Lilikuwa la kikombe. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili mwenye uzoefu wa miaka 22 alipoona hatari ikimjia mtoto wa nduguye, alichagua neno lililo sahihi kabisa katika kamusi, akalitamka kwa matamshi safi, na mtoto akageuka kuja kunywa uji. Neno lililomtoa majini lilikuwa lile tulilolisahihisha mezani.

Tulipokuwa tumekaa, mdogo wetu alitwambia polepole, kwa heshima ambayo mdogo humpa mkubwa: "Kaka, tangu usiku ule hajamsemesha mtoto Kiswahili mbele yako. Anasema asije akamharibia lugha na mwalimu yupo." Hakusema zaidi. Ilitosha.

Ndugu wasomaji, tumewahi kukemewa na wakaguzi wa shule, na tumewahi kufeli mitihani. Hakuna lililotuingia kama maneno hayo. Ile hotuba tuliyokuwa tukiitunga juu ya wazazi wanaoiacha lugha ipotee, tuliona kwamba msikilizaji wake alipaswa kuwa sisi wenyewe. Katika siku nne tu, nyumba iliyokuwa ikisema Kiswahili tuliifanya isiseme, kwa kupigania Kiswahili.

Tuliinuka tukamwendea shemeji, ambaye alikuwa akiukusanya mshipi wake, tukamwomba radhi waziwazi, mbele ya mkewe na bintiye. Alicheka kwa haya. Alisema: "Haina neno, shemeji. Kiswahili yangu iko ya soko." Tukamjibu kwamba soko lile limemwokoa mtoto. Kisha tukamwuliza, kama mwanafunzi anavyomwuliza mwalimu, kwa nini maji hayakupwa.

Alikaa mchangani akatueleza, naye sasa alisema kwa lugha yake bila kujizuia: "Hapa maji inapanda mara moja tu kwa siku, shemeji, na haipandi mingi. Hata mita moja haifiki. Lakini kule juu, Broome, inapanda kama nyumba ya gorofa tatu." Alikuwa ameyajua hayo kwa wavuvi wa kambakoche, ambao huishi kwa kuisoma bahari. Baadaye tulihakikisha, tukaona kwamba alisema kweli. Mwezi na jua huivuta bahari yote ya dunia, lakini namna maji yanavyoitika hutegemea umbo la bahari yenyewe, kina chake na pwani zake. Katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti yake hukaribia mita 4. Kule kusini-magharibi mwa Australia hujaa na kupwa mara moja tu kwa siku nyingi, na tofauti hiyo ni ndogo. Na maji yanayopwa hayaendi kujificha mahali. Huwa yamevutwa kujaa kwingine. Hilo ndilo jibu tulilopaswa kumpa yule mwanafunzi wa kidato cha pili, ambaye leo hatujui yuko wapi.

Jioni, jua lilipokuwa likizama upande wa Afrika, tulilifikiria neno pwani. Sote twajua kwamba linatokana na kupwa: pwani ni pale maji yanapopwa. Wazee waliolibuni walisimama mbele ya bahari yao, wakaona maji yakienda mbali na kuacha uwanja mtupu ambamo wanawake huokota chaza na pweza, wakapaita mahali hapo kwa kitendo walichokiona. Neno lile ni ushahidi wa macho. Sisi tulikuwa tumelisomesha kama jina lililoshuka kutoka mbinguni. Mbele ya maji ya Wittecarra, ambayo hayapwi kwa kiasi cha kumshangaza mtu, tuliona kwa mara ya kwanza jinsi Kiswahili kilivyo lugha ya mahali fulani na watu fulani, kabla ya kuwa lugha ya vitabu vyetu.

Je, hii ina maana kwamba tuache kusomesha Kiswahili sanifu? La hasha. Nchini Uganda, Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kisomeshwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kazi hiyo haiwezi kufanyika bila lugha sanifu, ambayo mtoto wa Mbarara, wa Bujumbura, wa Goma na wa Lindi wataandikiana bila mkalimani. Mtihani ni mtihani, na barua ya kuombea kazi ni barua ya kuombea kazi. Lakini yafaa tujue mahali pa kushika kalamu nyekundu na mahali pa kuiweka mfukoni. Darasani ni mahali pake. Kwenye sahani ya mtu, mbele ya mwanawe, si mahali pake. Mtoto husikia kwanza sauti ya anayempenda. Sarufi huja baadaye, tena huja kwa urahisi ikikuta nyumba inasema.

Aidha, sisi tunaosomesha mbali na bahari tusiogope kukiri kwamba hatujui. Tukisomesha wimbi, twende tukalionyeshe ziwani, hata likiwa dogo. Tukisomesha kusi, tuwaulize wanafunzi upepo wa kwao huvuma kutoka wapi na wazee huuitaje. Na mwanafunzi akiuliza maji huenda wapi, tusimwambie aketi.

Siku zilizosalia tulikaa nyumbani kwa shemeji kama mtu anayejifunza. Mezani mtoto aliitwa kwa kuya, nasi tukaitika pamoja naye. Tulimfundisha maneno machache ya baharini, akatufundisha namna ya kutoipa bahari mgongo.

Muhula wa tatu ulipoanza, tulipokea ujumbe mfupi kutoka kwa binti huyo, alioutunga mwenyewe: "Mjomba, leo tuko bahari. Wimbi iko mkubwa. Si ya kunywa. Baba anasema kuya nyuma." Tuliuandika ubaoni, neno kwa neno, mbele ya kidato cha pili. Mara mikono mingi ikainuka, kila mmoja akitaka kusahihisha. Tuliwaomba washushe mikono, watueleze kwanza mtoto huyo yuko wapi, anaona nini, na kwa nini baba yake anamwita. Upatanisho wa ngeli tuliuacha hadi kipindi kilichofuata.